Sura ya Sita: Seva kwa Zamu

Tarehe 8 Machi 2023, muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, seva za kampuni ya Datadog zilianza kupotea mtandaoni. Datadog ni kampuni ya Marekani inayofuatilia afya ya seva za watu wengine. Wateja huilipa iwaambie mfumo upi umelemewa, upi unachelewa kujibu na upi umeanguka. Asubuhi ile iliyoanguka ni mifumo yake yenyewe. Katika muda wa saa moja hivi, makumi ya maelfu ya seva zake zilikuwa zimekatika. Nyingine zilikuwa Marekani, nyingine Ulaya, na zilikuwa zimekodiwa kutoka kwa makampuni matatu yasiyotegemeana: Amazon, Google na Microsoft. Kuzirudisha zote na kurejesha huduma kulichukua zaidi ya siku nzima.

Hapakuwa na mvamizi wala kebo iliyokatwa. Chanzo kilikuwa kiraka cha usalama cha systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma nyingine zote ndani ya Linux. Kilipofika kwenye seva zenye Ubuntu 22.04, kilikizima na kukiwasha upya kijenzi kinachoshughulikia mtandao. Katika toleo lile, kijenzi hicho kinapowaka hufuta kanuni za njia za mtandao ambazo hakikuziweka chenyewe. Kwenye seva za Datadog kanuni hizo zilikuwa zimewekwa na programu nyingine, Cilium, iliyokuwa ikiunganisha mawasiliano ya kontena. Kanuni zikafutwa, na seva ikabaki hai lakini bila njia ya kuzungumza na yeyote.

Wahandisi wale hawakuwa wazembe. Seva mpya inapowashwa kwa mara ya kwanza, kijenzi cha mtandao huwaka mapema na hakikuti cha kufuta. Cilium huja baadaye na kuweka kanuni zake kwa amani. Ungeweza kuwasha seva mpya mia moja za majaribio na zote zikafaulu. Hitilafu ilijificha mahali pamoja tu, nayo ni kukiwasha upya kijenzi kile kwenye seva ambayo tayari iko kazini.

Sasa, kwa nini zote kwa pamoja? Ubuntu huja na utaratibu wake wa kujisasisha bila mtu kuugusa. Saa yake ya kawaida imewekwa saa 12 asubuhi, na kila seva huongezewa ucheleweshaji wa kubahatisha usiozidi dakika 60. Seva za aina hii kwa kawaida hufuata saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo kila seva iliyoachwa na utaratibu huo, iwe Virginia au Frankfurt, ilipokea kiraka kati ya saa tatu na saa nne asubuhi yetu. Datadog walikuwa na utaratibu wao wenyewe wa kusasisha uliodhibitiwa vizuri. Huu wa zamani ulikuwa umebaki wazi pembeni. Umbali wa maelfu ya kilomita haukuwasaidia chochote, kwa sababu saa ilikuwa moja.

Hatari ya pili

Msomaji anaweza kuhitimisha kwamba seva inayofanya kazi isiguswe. Wapo mafundi wengi wanaoishi kwa kanuni hiyo, na wengi wao ni watu makini. Jibu la kuwapa ni kisa cha Equifax.

Machi 2017 ilitangazwa kasoro kubwa katika Apache Struts, programu inayotumika kujenga tovuti, na siku hiyohiyo kiraka kilikuwa tayari. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, iliwaandikia mafundi wake barua pepe ikiwataka wazibe kasoro hiyo ndani ya saa 48. Seva moja ikasahaulika. Wavamizi waliingia Mei, wakakaa hadi mwisho wa Julai, na kuondoka na taarifa za watu wapatao milioni 147. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 700 kumaliza madai.

Struts si mfumo endeshi, lakini funzo lake linatuhusu moja kwa moja. Agizo lilitolewa kwa wakati. Kilichokosekana ni kujua kasoro hiyo iko kwenye seva ipi, na ni nani anayepaswa kuiziba. Walitafuta, wakaikosa, wakadhani wamemaliza.

Hatari ni mbili, basi. Ukichelewa, utavamiwa kupitia mlango ambao dunia nzima imeshaambiwa uko wazi. Ukisasisha zote kwa mkupuo, kosa moja la mtu usiyemjua linaweza kuzizima zote. Hoja ya sura hii ni kwamba huhitaji kuchagua kati ya hatari hizi mbili. Zote zinapungua kwa dawa moja: kazi ifanywe mara kwa mara, kwa hatua ndogo, na kwa zamu.

Daftari na kalenda

Kazi huanza kabla ya amri yoyote kuandikwa. Huanza na daftari la seva. Kwa kila seva liandikwe jina, kazi yake, mtu mwenye dhamana nayo, toleo la mfumo endeshi, toleo la keneli (kiini cha mfumo endeshi) linalotumika sasa hivi, na huduma zitakazokwama ikizimwa. Karibu kila Linux ya leo ina faili la /etc/os-release linalotaja toleo lake, kwa hiyo sehemu kubwa ya daftari hili inaweza kujazwa na kompyuta yenyewe kila usiku. Sehemu ya mwenye dhamana haijazwi na kompyuta, nayo ndiyo iliyowaponza Equifax. Mtu akihama idara, jina lake lihame siku hiyohiyo.

Baada ya daftari ni kalenda. Kila toleo la Linux lina siku ya mwisho ya kupata viraka. Toleo la Debian hutunzwa miaka mitatu na waundaji wake, kisha kundi jingine huliendeleza hadi itimie mitano. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hutoka Aprili ya kila miaka miwili, nayo hutunzwa miaka mitano kabla ya kuhitaji usajili. Red Hat hutunza toleo lake kwa miaka kumi. Tarehe hizi hutangazwa mapema, na bado hushtua watu. Tarehe 30 Juni 2024, siku moja, CentOS 7 (CentOS ilikuwa nakala ya bure ya Red Hat) na Debian 10 zote zilifikia mwisho wa matengenezo ya bure.

Wakati mwingine kalenda yenyewe hubadilika. CentOS 8 ilitoka Septemba 2019, na watumiaji walitarajia iishi hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 ikatangazwa kwamba itaishia 31 Desemba 2021. Watu waliokuwa wamehamia toleo jipya kwa bidii walijikuta na mwaka mmoja, huku jirani zao waliobaki kwenye toleo la 7 wakiwa na mitatu na nusu. Kutokana na pengo hilo zilizaliwa AlmaLinux na Rocky Linux, zote mwaka 2021, na maelfu ya ofisi zilihamia huko. Waliohama bila kutaabika ni waliokuwa na daftari. Waliokuwa na orodha vichwani mwao walianza kwa kuhesabu seva.

Hapa tutenganishe kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kuna kuweka viraka ndani ya toleo lilelile, na kuna kuhamia toleo jipya. Debian na Red Hat hushikilia namba za programu zao kwa miaka. Kasoro ikigunduliwa, huchukua marekebisho peke yake na kuyaingiza kwenye programu ya zamani, bila kuleta vipya vingine. Ndiyo maana kiraka cha kawaida ni kidogo, na ndiyo maana namba ya toleo peke yake haikuambii kama seva iko salama. Kazi ya kwanza ifanywe kila wiki. Ya pili ipangwe kwa miezi.

Jinsi zamu inavyokwenda

Mpishi wa shughuli mwenye sufuria kumi za pilau hatii chumvi zote kwa kukisia. Huanza na moja, akaonja, kisha akaendelea. Zamu ya kwanza ni kuonja huko. Huangukia seva za majaribio, na seva hizo zifanane na za kweli kadiri uwezo unavyoruhusu: ziwe na programu zilezile na mzigo unaokaribia ule wa kweli, na ziwe zimekaa kazini siku kadhaa. Kumbuka kilichowapata Datadog: seva mpya kabisa isingeonyesha kitu.

Zamu ya pili ni seva moja ya kweli, inayohudumia wateja wa kweli. Iache ipite siku nzima, kwa sababu mzigo wa asubuhi si wa jioni, na kuna kazi ambazo hujiendesha saa nane usiku peke yake. Zamu ya tatu iwe sehemu ya kumi ya seva zote. Ya nne nusu. Ya tano zilizobaki. Seva zinazofanya kazi moja zisiwekwe zamu moja. Mifumo mingi ya kuhifadhi data hukaa kwenye seva tatu na huhitaji mbili ziwe hai ili kufanya uamuzi. Ukizima mbili kwa pamoja umeuzima mfumo wote, hata kama ya tatu ni nzima.

Zana zipo na ni za bure. Katika Ansible, programu ya kuendesha kazi moja kwenye seva nyingi, kuna mpangilio uitwao serial ambao huiambia ichukue seva moja, kisha asilimia kumi, kisha nusu. Kuna na mwingine unaoiamuru isimame pale asilimia fulani ya seva inaposhindwa. Huo wa pili usiachwe kamwe. Utaratibu wa kusasisha usiojua kusimama ni hatari kuliko fundi mchovu, maana fundi angalau hulala.

Kabla ya zamu yoyote kuanza, iandikwe ni kipimo gani kitaisimamisha: makosa yakizidi kiasi gani, majibu yakichelewa kwa sekunde ngapi. Iandikwe na jina la mtu mwenye mamlaka ya kusema basi. Uamuzi huo ukisubiri hadi mambo yaharibike, utafanywa na watu wenye hofu.

Vifurushi vinavyowekwa zamu ya mwisho viwe vilevile vilivyojaribiwa zamu ya kwanza. Jambo hili hupuuzwa sana. Ukiwaacha mafundi wavute vifurushi moja kwa moja kutoka intaneti, Jumatatu seva za majaribio zitapata toleo moja na Ijumaa seva za kweli zitapata jingine lililotoka Alhamisi. Weka hazina yako ya ndani, piga nakala ya vifurushi siku ya kwanza, na zamu zote zichote humo. Kwa ofisi zetu nyingi za Afrika Mashariki, ambako upana wa mtandao ni gharama inayoonekana kwenye ankara, hazina hiyo huleta nafuu ya pili: kifurushi kinashushwa mara moja, na seva mia mbili zinakipata ndani ya jengo.

Ipo siku ambayo subira ya siku nzima haiwezekani. Tarehe 1 Julai 2024 watafiti wa Qualys walitangaza kasoro katika OpenSSH, programu ambayo karibu kila seva ya Linux huitumia kumwingiza msimamizi wake. Kasoro hiyo ingeweza kumpa mtu wa mbali mamlaka yote bila nywila. Siku ya namna hiyo zamu hubanwa zikawa za saa badala ya siku, lakini hazifutwi. Tena kwa kasoro ile ilikuwepo dawa ya muda, badiliko la mstari mmoja wa mipangilio, lililofunga mlango wakati kiraka kikisambazwa. Fundi mzuri akisoma tangazo la kasoro hutafuta kwanza mstari huo.

Kiraka kilichowekwa lakini hakifanyi kazi

Ripoti inasema seva zote zimesasishwa, na ripoti haisemi uongo. Faili mpya zipo kwenye diski. Lakini programu iliyokwisha kuwaka huendelea kutumia nakala ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu hadi izimwe na kuwashwa tena. Keneli nayo haibadiliki hadi seva yenyewe iwashwe upya. Kuna seva zinazosifiwa kwa kukaa siku elfu bila kuzimwa. Sifa hiyo mara nyingi ina maana ya siku elfu za kasoro za keneli zilizozibwa kwenye diski na kubaki wazi kwenye kumbukumbu. Zipo teknolojia za kuziba keneli ikiwa hai, nazo husaidia, lakini hazizibi kila kitu.

Kwa hiyo kila zamu imalizike kwa kuwasha upya. Seva iondolewe kwanza kwenye mgao wa wateja, imalize maombi iliyo nayo, izimwe, iwashwe, ipimwe, kisha irudishwe. Kuna faida nyingine hapa. Seva inayowashwa upya kila inapopata viraka imethibitisha mara kwa mara kwamba inaweza kuwaka. Ile ya siku elfu haijulikani, na siku umeme utakapokatika na jenereta likagoma, ndipo mtajua.

Hifadhidata

Sehemu moja inahitaji hadhari kuliko zote. Agosti 2018 ilitoka glibc 2.28, maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux huitegemea, nayo ilibadilisha mpangilio wa kialfabeti wa maneno katika lugha nyingi. Hifadhidata ya PostgreSQL kwa kawaida huuliza maktaba hiyo neno lipi litangulie. Faharasa zake zimejengwa kwa mpangilio wa siku zilipoundwa. Ukitoka Debian 9 kwenda 10, au Red Hat Enterprise Linux 7 kwenda 8, faharasa inabaki na mpangilio wa zamani na maktaba inatumia mpya. Matoleo ya PostgreSQL ya wakati ule hayakupiga kengele yoyote. Unamtafuta mteja aliyemo, hifadhidata inajibu hayupo. Unamsajili upya, na sasa wako wawili mahali ambapo sheria ilisema awe mmoja.

Hapa hata zamu yenyewe inaweza kudanganya. Ukihamisha seva ya nakala kwenda mfumo mpya na kuiacha ya msingi kwenye wa zamani, huku zikirithishana data kwa kunakili diski, nakala itasoma faharasa kwa mpangilio usio wake. Njia salama ni kuhamisha data kwa namna inayozijenga faharasa upya, au kuzijenga upya zote za maneno mara tu baada ya kuhama, kabla mteja hajaruhusiwa kuandika. Na kabla ya yote, chukua nakala rudufu na ujaribu kuirejesha mahali pengine. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Kuruka miaka kumi

Itakuwaje kwa walioachwa nyuma sana? Mfano bora ninaoujua ni wa Google, na mhandisi wake Marc Merlin aliueleza hadharani katika LISA, mkutano wa wasimamizi wa mifumo, mwaka 2013. Seva za Google zilikuwa zikiendeshwa kwa mfumo uliotokana na Red Hat Linux 7.1, toleo la mwaka 2001, lililojaa viraka juu ya viraka. Walitaka kuhamia mfumo mpya uliojengwa juu ya Debian. Hawakuweza kuzima maelfu ya seva. Hawakutaka pia kukaa kipindi kirefu na mifumo miwili tofauti kabisa, kwa kuwa programu ingekuwa nzima kwenye seva moja na kuharibika kwenye nyingine, na kutafuta chanzo kungekuwa mateso.

Walichofanya ni kuleta mfumo mpya ndani ya ule wa zamani, kipande kwa kipande. Kifurushi kimoja cha zamani kiliondolewa na kipya kikawekwa, kikapita zamu za majaribio, kikasambazwa, ndipo kikafuata kingine. Kwa kuwa seva zote zililinganishwa na mfano mmoja wa faili, zilibaki zikifanana wakati wote wa safari. Ilipokwisha, Red Hat ya zamani haikuwemo tena, na hapakuwa na usiku mmoja wa kuogopwa.

Ofisi ya kawaida haina wahandisi wa Google, lakini kanuni ni ileile. Debian hairuhusu kuruka toleo: kutoka 10 unapita 11 ndipo ufike 12. Ubuntu nayo haimpendekezei mtumiaji wa toleo la muda mrefu kuhamia jipya hadi marekebisho yake ya kwanza yatoke, miezi michache baada ya Aprili. Na pale inapowezekana, usiihamishe seva ya zamani kabisa. Jenga mpya kando yake kwa maelekezo yaliyoandikwa, ipe sehemu ndogo ya wateja, iongezee, kisha izime ya zamani na uihifadhi wiki mbili kabla ya kuifuta. Seva isiyoweza kujengwa upya kwa maelekezo yaliyoandikwa ndiyo inayopaswa kushughulikiwa kwanza, hata kama toleo lake bado linatunzwa.

Neno kwa wakuu na mafundi

Huku kwetu tumezoea ujumbe wa simu unaotuarifu kwamba huduma fulani haitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri. Kwa mfumo unaotegemea seva moja, hakuna njia nyingine. Lakini ofisi yenye seva nyingi zinazopokezana inaweza kufanya kazi hii Jumanne saa nne asubuhi, mafundi wote wakiwa macho na mteja asijue kitu. Usiku wa manane ni saa ya watu wachache, waliochoka, wasio na wa kumuuliza. Mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia, ni wakati wa kuacha kila kitu kilivyo.

Kwa anayesimamia bajeti: kazi hii haionekani ikifanywa vizuri, na kwa sababu hiyo huwa ya kwanza kukatwa. Iandike kwenye mpango wa mwaka, na saa zake, na seva zake za majaribio, na jina la mwenye dhamana. Kwa fundi: wiki hii jaza daftari, angalia ni seva ngapi zina siku ya mwisho iliyopita au iliyo ndani ya miezi 12, na hakikisha hakuna saa iliyofichika inayozisasisha zote kwa mkupuo. Kisha chagua seva moja, uanze nayo.